TUZIPIGE PICHA NYUMBA ZETU KABLA HAZIJATOWEKA
Maneno kwa watu wa Mtae, na kwa kila mji unaojengwa upya



Ndugu wasomaji, zipo nyumba zinazosimama miaka mingi pasipo mtu kuzitia maanani. Watu hupita mbele yake asubuhi na jioni, watoto hucheza barazani pake, wazee huota jua ukutani pake. Kisha siku moja hubomolewa, na haupiti mwaka ila watu wa mtaa huo huo huanza kubishana: mlango ulikuwa upande gani? Madirisha yalikuwa mangapi? Nani aliyeijenga? Kila mmoja husema lake, wala hapana wa kuamua, kwa kuwa shahidi mwenyewe amekwisha kuwa kifusi.

Katika makala hii twataka kuzungumza na vijana wetu na wazee wao juu ya jambo dogo lenye manufaa makubwa, nalo ni kupiga picha majengo ya miji yetu, yale yanayojulikana na kila mtu na yale yasiyojulikana ila na majirani, kabla hayajabadilika. Mfano wetu tutauchukua Mtae, katika milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto.

MTAE NA MAHALI PAKE

Msafiri atokaye Mombo hupanda mlima kwa njia ya kona nyingi hadi Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Toka hapo huendelea kwa barabara ya milimani, akapita Lukozi na Sunga, mpaka akafika mahali ambapo mlima wenyewe wakoma. Hapo ndipo Mtae. Mji umekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na nyumba zake zimejipanga kuifuata njia, kwa kuwa nafasi ya kutawanyika haipo. Chini, kiasi cha mita elfu moja hivi, huonekana nyika ya Mkomazi, ambayo ni hifadhi ya taifa. Ng'ambo yake ni milima ya Upare, na siku ya mbingu safi, Kilimanjaro.

Mahali kama hapa pana jambo moja ambalo wapangaji wa miji hawana budi kulifikiri: ardhi ya kujengea ni haba. Mtu wa bonde akitaka nyumba mpya aweza kuiacha ya zamani ikasimama, akajenga nyingine kando yake. Mtu wa Mtae mara nyingi hana kando. Nyumba mpya haina mahali pa kukaa ila pale pale ilipokuwa ya zamani. Kwa hiyo kila tofali jipya laondoa udongo wa kale, na kila bati jipya lashusha nyasi za kale. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba khabari ya picha, ambayo kwingine ni jambo la kupendeza tu, huko ni jambo la haraka.

KALAMU ILITANGULIA KAMERA

Wasambaa hawakukosa watu wa kuandika khabari zao. Zama za Kimweri ya Nyumbai, mfalme mkuu wa Wakilindi aliyefariki mnamo mwaka 1862, mji mkuu wa Vuga ulifikiwa na wageni walioacha maandishi: Krapf mwaka 1848 na tena mwaka 1852, kisha Burton na Speke mwaka 1857. Wakati huo njia za biashara zilikuwa zimekwisha kuunganisha milima na pwani, na Uislamu ulikuwa umekwisha kuingia hata katika jamaa ya mfalme.

Lakini aliyeandika kwa lugha yetu, na kwa mapana kuliko wote, ni Mwislamu wa pwani, Abdallah bin Hemedi, aliyeishi miaka mingi miongoni mwa Wakilindi. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilitoka kwa sehemu mbalimbali mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kikachapwa tena katika miaka ya 1960. Kwa kalamu yake twajua nani alitawala, nani alipigana na nani, na ukoo gani ulitoka wapi.

Hata hivyo kalamu ina mpaka wake. Mwandishi aweza kutuambia kuwa nyumba ilikuwa kubwa. Hawezi kutuonyesha namna fito zilivyofungwa. Nyumba ya kale ya Msambaa ilikuwa ya mviringo, imeezekwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi. Baadaye zikaja nyumba za pembe nne za fito na udongo, na huko Mlalo zikawako nyumba za ghorofa zenye roshani za mbao zilizonakishiwa. Kisha zikaja mabati, na sasa matofali ya kuchoma, saruji na madirisha ya vioo. Hatua zote hizi zimepita katika vizazi vichache tu. Babu wa mtu aweza kuwa alizaliwa katika nyumba ya kwanza, baba yake katika ya pili, na yeye mwenyewe yumo katika ya tatu. Mtoto wake ataonyeshwa nini?

PICHA ZETU ZIKO KWA NANI?

Haifai kusema kuwa Usambara haikupigwa picha. Ilipigwa, na sana. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na pamoja na reli wakaja walowezi, maofisa, wamisionari na kamera zao. Katika wapiga picha wa zama hizo yupo Walther Dobbertin, ambaye mkusanyiko wake mkubwa wa picha za Afrika Mashariki ya Wajerumani umehifadhiwa katika nyaraka za taifa la Ujerumani, huko Koblenz. Mwishoni mwa mwaka 2008 nyaraka hizo zilitoa maelfu ya picha zake zitazamwe na watu wote kwa njia ya intaneti, na za Dobbertin zimo. Wamisionari nao waliweka zao katika nyaraka za misheni zao huko kwao.

Basi kijana wa Mtae mwenye simu aweza leo kuzitazama picha za nchi yake ya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hili ni jema, wala hatuwalaumu walioziweka. Lakini na tuangalie vizuri: wageni wale walipiga walichokitaka wao. Walipenda stesheni, mashamba ya walowezi, nyumba za maofisa, makanisa, na mandhari ya milima. Msikiti mdogo wa udongo, chuo cha Kurani chini ya mti, duka la kwanza la mtaa, nyumba ya mwalimu aliyesomesha watoto wa kijiji kizima, hivyo havikuwa vitu vya kuwashughulisha. Mgeni hupiga picha ya kile anachokistaajabia. Mwenyeji peke yake ndiye awezaye kupiga picha ya kile anachokipenda. Na ambacho mwenyeji hakukipiga, hapana atakayekipiga kwa niaba yake.

MAFUNZO TOKA MAKKA NA UNGUJA

Waislamu hawakuwa nyuma katika kazi hii. Mwaka 1861 ofisa wa Kimisri, Muhammad Sadiq Bey, aliingia Madina na kamera yake, na mwaka 1880 akapiga picha Makka. Baada yake, katika miaka ya 1880, tabibu wa Makka mwenyewe, Sayyid Abdul-Ghaffar, alijifunza kazi hiyo akaupiga picha mji wake na mahujaji wake. Ulipoanza upanuzi mkubwa wa Msikiti Mtakatifu mwaka 1955, na upanuzi mwingine uliofuata, mengi yaliyouzunguka yaliondolewa ili mahujaji wapate nafasi. Haja ya nafasi ilikuwa ya kweli. Lakini mtu atakaye kujua babu yake aliyehiji alizunguka katika ua wa namna gani, hana budi kurudi katika picha za watu hao.

Mfano wa pili uko karibu nasi. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash. Watu wengi walioijua ikiwa na mnara wa saa mbele yake hudhani kuwa ndivyo ilivyozaliwa. Picha za zamani zatoa ushahidi mwingine: hapo kwanza jumba lilikuwa halina mnara juu yake, na mnara ulisimama mbali nalo, karibu na bahari. Manowari za Kiingereza zilipoupiga mji kwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, mnara ule uliharibika, na katika matengenezo yaliyofuata ndipo mnara mpya ulipounganishwa na jumba lenyewe.

Kisha, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara wake. Siku hiyo picha zikaacha kuwa mapambo ya ukutani. Fundi atakaye kuirudisha nguzo mahali pake na roshani katika kipimo chake hutazama picha. Unguja ilikuwa na bahati, kwa kuwa wapiga picha walikuwapo mjini tangu karne ya 19, na duka la Capital Art Studio, lililofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, lilikusanya picha za mji kwa miongo mingi. Je, nyumba ya Mtae ikiporomoka kwa mvua za masika, fundi atatazama nini?

KHABARI YA HUKUMU YAKE

Msomaji aweza kuuliza: na sharia yasemaje juu ya picha? Wanazuoni wamekhitilafiana katika picha za viumbe vyenye roho. Wako walioziharimisha zote, na wako waliotofautisha kati ya sanamu inayochongwa kwa mkono na picha ya kamera, ambayo waliiona kama kivuli kilichozuiliwa, mfano wa sura ionekanayo katika kioo. Katika hawa wa pili ni Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye aliandika risala juu ya jambo hilo.

Ama majengo, miti na milima, humo hamna mgogoro huo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Ibn Abbas alimwelekeza mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kutengeneza sanamu, atengeneze za miti na za vitu visivyo na roho. Basi aliye na shaka katika picha za watu, mlango wa majengo uko wazi mbele yake.

Lakini liko jambo la adabu lisilosamehewa. Kurani, katika Sura ya Nuur, yatukataza kuingia nyumba za watu pasipo kutaka idhini na kuwatolea salamu wenyewe. Kamera nayo ni jicho, na jicho huingia. Kijana asiielekeze katika ua wa mtu, wala dirishani, wala penye wanawake wanaofanya kazi zao, mpaka apige hodi na akubaliwe. Akikataliwa, aseme ahsante na aende zake. Na picha iliyopigwa kwa idhini ya kuhifadhiwa si halali kutangazwa kwa watu wote pasipo idhini nyingine.

NAMNA YA KUIFANYA KAZI

Kwanza, orodha. Kabla ya kugusa kamera, vijana na wakae na wazee, wandike majina ya mahali: misikiti, vyuo, kanisa la Kilutheri la zama za Wajerumani, shule, maduka ya zamani, mahali pa gulio, chemchemi, miti ya mikutano, na nyumba ambazo wenyewe wamekwisha kununua matofali ya kuzibadilisha. Hizi za mwisho ndizo za kutangulizwa. Wala tusione haya kuliandika kanisa. Historia ya mji ni ya watu wake wote, na jirani yetu naye atatuandikia msikiti.

Pili, wakati. Ukungu wa Usambara huja na huondoka bila kuaga, na asiye na subira hatapata kitu. Jua la adhuhuri hutia vivuli vizito chini ya paa. Asubuhi na alasiri ndizo bora. Tena kwa msikiti liko jambo la kujua. Toka Mtae kibla ni karibu na kaskazini kamili, ikipinda kidogo mno mashariki. Katika miezi ya Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na ukuta wa nje wa kibla hupata mwanga. Katika Desemba na Januari jua hupita kusini, na ukuta huo hukaa kivulini. Basi ukutani pa kibla papigwe Juni, na upande wa pili Desemba.

Tatu, namna ya kusimama. Ukielekeza kamera juu, kuta huonekana kana kwamba zaanguka nyuma. Isimamishe wima, na kama njia ni nyembamba huwezi kurudi nyuma, piga vipande vipande, kila kipande kikiingia kidogo katika mwenziwe. Weka ukutani fimbo ya urefu wa mita moja, ili atakayeitazama picha baadaye aweze kupima mlango na dirisha. Usitosheke na uso wa nyumba: piga pembe zote nne, piga paa, msingi, kizingiti, bawaba, mahali fito zilipofungwa, na mahali udongo ulipobanduka, kwa maana hapo ndipo siri ya ujenzi huonekana.

Nne, rudia. Weka alama pale uliposimama, na kila mwaka urudi ukapige pale pale, kuelekea kule kule. Picha moja ni kumbukumbu, lakini picha kumi za mahali pamoja kwa miaka kumi ni tarikhi.

Tano, na hili ndilo wengi hulipuuza: andika. Picha isiyo na jina baada ya miaka 30 ni kitendawili. Tia jina la mahali, tarehe, upande ulioelekea, jina la aliyejenga kama lajulikana, na jina la mzee aliyesimulia kama ameridhia kutajwa. Tazameni msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Sehemu kubwa ya jengo lake ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi ya Kufi katika ukuta wa kibla yataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kwa mstari huo mmoja wa maandishi, watu wa leo wajua kuwa kulikuwa na msikiti pale zaidi ya miaka 900 iliyopita. Kuta zilibadilika, na tarehe ikaokoka kwa kuwa mtu aliiandika.

Sita, hifadhi. Simu huibiwa, huanguka na hufa. Picha zote ziwekwe mahali patatu: katika simu au kompyuta, katika kifaa kingine kikaacho nyumba nyingine, na zile bora zichapwe katika karatasi. Unyevu wa mlimani ni adui wa karatasi. Ziwekwe katika bati lenye kifuniko, mahali pakavu, na nyuma yake paandikwe kwa penseli. Nakala moja ya mkusanyiko ikae msikitini au shuleni, isiwe mali ya mtu mmoja.

KWA NINI TUSINGOJE SERIKALI?

Huenda mtu akasema: majengo ya kale yana idara yake na sheria yake. Kweli ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Lakini sheria hiyo huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyo mapya zaidi hayalindwi mpaka serikali iyatangaze. Kilwa ya mawe yaweza kungoja karne nyingi. Nyumba ya fito na udongo haingoji. Hudumu kadiri ya mwenyewe anavyoikandika, na akifa, au watoto wake wakihamia Tanga na Dar es Salaam, mvua ya misimu michache huimaliza. Hapana nyumba ya namna hiyo itakayofika umri wa kuhesabiwa na sheria. Ulinzi wake pekee ni watu wa jamaa yake.

Wala hatusemi watu wasijenge. Mama anayepika katika nyumba inayovuja ana haki ya bati, na waumini wanaosali nje kwa wembamba wa msikiti wana haki ya msikiti mpana. Kujenga ni kheri, na kujenga msikiti ni kheri kubwa. Tunalolisema ni hili tu: kabla ya nyundo, kamera. Kamati ya msikiti inayokusudia kubomoa na kujenga upya na itenge siku moja ya kupiga picha mihrabu ya zamani, mlango wake, maandishi yake, mahali pa udhu na mipaka ya kiwanja, na kuandika majina ya waliotoa wakfu ardhi na waliobeba mawe. Kazi hiyo haina gharama ya kutisha. Na picha ya mpaka wa wakfu, yenye tarehe na mashahidi, huenda siku moja ikazuia ugomvi wa ndugu juu ya hatua tatu za ardhi.

NENO LA MWISHO KWA VIJANA

Enyi vijana, twajua ya kwamba simu mnazo, na picha mnapiga kila siku. Twawaombeni sehemu ndogo tu ya picha hizo. Alkhamisi moja katika mwezi mwende wawili wawili, mmoja mwenye kamera na mmoja mwenye daftari, mkae kwa mzee wa mtaa, mmwamkie kwa heshima yake, mmwulize nyumba yake ilijengwaje na nani. Mtaona ya kuwa picha ni kisingizio chema: mzee ambaye hakuulizwa kitu kwa miaka mingi atasema hata jua litue, na mtarudi na elimu kubwa kuliko picha zenyewe.

Nanyi wazee, msiwafukuze wakija. Msiseme, "Nyumba hii mbovu yapigiwa picha ya nini?" Nyumba hiyo mbovu ndiyo iliyowalea. Wajukuu wenu watakaozaliwa katika nyumba za vioo hawatakuwa na njia nyingine ya kujua jasho lililowafikisha hapo, na asiyejua jasho la waliomtangulia huona shida kumshukuru Mola wake.

Mgongo wa mlima wa Mtae utabaki, na nyika chini yake itabaki, kwa kadiri Mwenyezi Mungu apendavyo. Kinachopita ni kazi ya mikono ya watu. Na tuiandike ingali imesimama.

Wabillahi taufiq.